Nataka kuzunguka magulio ya kusini na Hiace ya kulala humohumo, natengeneza cherehani. Ushauri wakuu

Bint Rangi Tatu
Habari za humu ndani wakuu. Mods msiuhamishie uzi huu jukwaa la magari, swali langu si la gari peke yake.

Mimi ni mwanamke, miaka thelathini na kitu, fundi wa cherehani. Sishoni, natengeneza: vichwa vyeusi, overloki, na vya viwandani kidogo. Kibanda changu kiko Mbagala. Kodi inapanda na mafundi tumekuwa wengi kuliko cherehani zenyewe. Huko vijijini gulio moja lina mafundi nguo watano sita, mashine ikigoma inapandishwa kwenye buti la basi mpaka mjini. Nimewaza niwafuate mimi.

Kuna Hiace, kipanya cha dizeli, mzee kanipa baraka niitumie. Nyuma kitanda, mlangoni meza ya kazi, mtungi mdogo wa gesi, sola juu ya paa. Nianze mwezi wa tatu: Mkuranga, Kibiti, nakata Utete, narudi navuka daraja la Mkapa, Nangurukuru, naingia Liwale natokea Nachingwea mpaka Masasi. Barabara kuu siitaki, huko mafundi wapo.

Naombeni: betri gani, nilale wapi, na trafiki watanisumbua? Usingizi sipati kwa hili jambo.

Mzee wa Kisemvule
Binti, Liwale mwezi wa tatu? Na masika ile? Ukishaiacha lami Nangurukuru utakutana na tope linalomeza tairi mpaka kwenye ekseli, na Hiace nyingi hazina four wheel. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika pale Somanga, na hiyo ni lami. Mabasi yalilala njiani watu wakinywa maji ya kununua kwa bei ya soda.

Sisi tumeendesha kusini kabla ya daraja. Nyie mnavuka Rufiji mnachati tu. Zamani ni pantoni pale Ndundu, maji yakijaa mnasubiri, mnapika, mnaoa. Namjua dereva mmoja ana mtoto mkubwa tu kwa sababu ya foleni ya pantoni. Daraja lilifunguliwa 2003, yeye akaendelea kwenda hivyo hivyo kama mgeni rasmi. Basi tu.

Bint Rangi Tatu
Asante mzee wangu. Masika naijua, nitakuwa nasogea polepole. Nikisubiri mwezi wa sita kodi ya kibanda inanimaliza.

Mtumishi Tegeta
Dada yangu, nikuulize kwa upendo. Mwanamke analala peke yake porini ndani ya kipanya, mume atampata wapi? Ndiyo maana ndoa siku hizi

Kiberiti Cha Kasuku
@Mtumishi Tegeta malizia sentensi mkuu, au bando limeisha kwa upendo?

Volti Kumi na Mbili
Tuje kwenye betri. Usidanganywe na betri ya kawaida ya gari, ile imetengenezwa kupiga stata, si kulisha friji usiku kucha. Chukua betri ya sola. Ya 100Ah kwa volti 12 ni kama Wh (wati-saa) 1,200, lakini hizi za maji na jeli usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu una 600 tu. Feni ya wati 20 kwa saa nane ni 160. Taa za LED na simu, weka 60. Hapo bado una akiba. Ukiongeza kifriji, chenyewe kinaweza kula 400 kwa siku, umekwisha. Paneli moja ya wati 200 siku ya jua zuri inakurudishia kama 800. Siku ya mawingu ya masika hiyo namba isahau.

Ushauri wangu: friji achana nalo. Nunua samaki wa leo ule leo, uko pwani.

Na overloki yenye mota kubwa usiijaribishie kwenye inverta ndogo, itaizima.

Mama Ufuta wa Lindi
Mimi ni mwenyeji wa huko. Wote mmesema mvua, hakuna aliyesema hela. Fundi nguo hatengenezi cherehani wakati hana mteja, na mteja hana hela mpaka auze. Kwetu ufuta unauzwa kuanzia mwezi wa sita, wa saba. Korosho minada yake inaanza Oktoba, hela zinaingia mpaka kwenye Januari. Hapo ndipo kitenge kinashonwa, sare za shule zinashonwa, harusi zinapangwa, na cherehani zilizolala chini ya kitanda zinatolewa. Mwezi wa tatu utakuta watu wanapalilia na akiba ya chakula inaishilia. Utatengenezewa chai, utashukuriwa, utaambiwa "fundi tutaonana kwenye ufuta".

Kulala: ukifika kijijini kabla ya giza nenda kwa mwenyekiti au mtendaji, toa kitambulisho cha NIDA, sema unafanya nini. Atakuonyesha pa kuegesha, mara nyingi ni nyumbani kwake. Usiegeshe pembeni ya kijiji kimya kimya, asubuhi utaulizwa maswali na watu wenye mapanga ambao hawana ubaya wowote, ila hawakujui.

Bint Rangi Tatu
Mama umeniokoa. Hilo la mwenyekiti nimeliandika. Ila la kusubiri ufuta ni gumu, nimeshaanza kazi kwenye gari. Siti zimetolewa na fundi wa gereji moja huku Temeke kashakata tundu la feni kwenye paa.

Konda Mstaafu
Kabla hujaendelea. Hiyo Hiace ina namba nyeupe au njano? Kadi ina jina la nani?

Bint Rangi Tatu
Nyeupe, ilikuwa daladala. Kadi ina jina la mzee. Gari ni la nyumbani.

Konda Mstaafu
Namba nyeupe maana yake biashara. Trafiki wa kwanza pale Mkuranga atakuuliza leseni ya LATRA, ile ya kubeba abiria. Utasema si abiria. Atasoma kadi: abiria kumi na tano. Atachungulia: kitanda. Hapo jiandae. Dawa yake ni rahisi, mchukue mzee asubuhi moja mwende TRA (mamlaka ya mapato), mbadilishe matumizi na umiliki, mwisho wa habari. Kwa nini hamjaenda?

Siti ya Dirishani
Hizo siti zilizotolewa zipo? Zina vitambaa au ni rexini?

Bint Rangi Tatu
@Konda mzee hawezi kwenda.

Konda Mstaafu
Anaumwa? TRA kuna utaratibu wa kumwakilisha.

Bint Rangi Tatu
Mzee alifariki mwaka jana. Lakini baraka alinipa mwenyewe kwa mdomo wake, mama akiwepo. Alisema "hii gari atakayeijua ni huyu". Mimi ndiye nilikuwa namsaidia kumwaga oili tangu niko msingi. Kwa hiyo naomba tusihame mada.

Kiberiti Cha Kasuku
Mada ndiyo imefika sasa hivi dada. Tulikuwa stendi tunasubiri.

Jicho la Mwewe
Wakuu mimi nilishanusa tangu posti ya kwanza. "Mzee kanipa baraka", kumbe marehemu. Akaunti mpya. Mwanamke fundi overloki, Hiace, sola, Liwale. Hii ni chai, yaani stori ya kutunga, tena ya rangi. Subirini kidogo, atakuja mtu kusema "kuna gereji Temeke wanabadilisha magari vizuri sana" na namba ya simu. Nyuzi za hivi tunazijua.

Volti Kumi na Mbili
Yaani nimepiga hesabu ya Wh kwa ajili ya chai?

Mtumishi Tegeta
Nilijua. Roho ilinikataa.

Bint Rangi Tatu
Gereji sijaitaja jina na sitaitaja. Nikutangazie nini? Picha hiyo ya tundu la paa nimeweka.

Jicho la Mwewe
Tundu kwenye bati jeupe. Hata banda la kuku lina tundu.

Fundi Nguo Manzese
Ngoja nimpime mimi, nina miaka kumi na zaidi kwenye hii kazi. Dada, cherehani ya kichwa cheusi inaruka nyuzi. Unaanzia wapi? Jibu bila kugugo.

Bint Rangi Tatu
Sindano kabla ya yote. Wateja wengi wanalipia hela ya bure, sindano imepinda au bapa lake limeangalia upande sio. Naitoa naiviringisha juu ya kioo cha simu, ikichezacheza natupa. Ikiwa nzima naangalia urefu wake, kama haijapanda mpaka mwisho kwenye kishikio. Hapo bado inaruka ndiyo nafungua chini, nazungusha gurudumu taratibu kwa mkono, naangalia ncha ya ndoano inakutana na sindano wakati inaanza kupanda, juu kidogo ya tundu. Ikiwahi au ikichelewa, hamna mshono. Mara nyingi nakuta mtu kashafungua na bisibisi ya simu kaharibu skrubu. Ungekuwa wewe ungeanza wapi?

Fundi Nguo Manzese
Ningeanza na wewe. Huyu ni fundi wakuu. Ya gari siyajui, lakini huyu ni fundi. (Dada nina Butterfly inagonga upande wa kushoto, nije PM?)

Jicho la Mwewe
Fundi anaweza kuwa fundi na chai ikawa chai. Bado nauliza: hiyo daladala ilikuwa inaleta hesabu kwa nani tangu mzee afariki?

Bint Rangi Tatu
Hilo linahusiana nini na betri?

Mama Ufuta wa Lindi
Mwanangu, jibu tu.

Bint Rangi Tatu
Mzee alikuwa na nyumba mbili. Hesabu ilikuwa inakwenda kwa mama mdogo Vikindu, ana watoto wawili wanasoma. Kisha injini ikasumbua, gari likasimama uani kwetu miezi, hakuna aliyeleta hata shilingi ya noseli. Mimi nimeitengeneza kwa hela yangu. Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza, simu anapokea akitaka. Ningeiacha ioze kwa sababu ya kikao ambacho hakiitishwi? Na nimepanga nikianza kupata nitakuwa namtumia mama mdogo kitu kila mwezi.

Ustadh wa Kijichi
Kama marehemu ni Muislamu na ameacha watoto, wake wote kwa pamoja wana thumni (moja ya nane), wanagawana wao kwa wao. Kinachobaki, baada ya madeni na haki za wengine waliotajwa, kinakwenda kwa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Neno la mdomo kwa mrithi mmoja haliwanyang'anyi wengine mpaka waridhie. Hela ya matengenezo andika, ni deni unaloweza kuwadai kwenye mali.

Karani wa Zamani
Nyongeza kwenye ya ustadh. Itisheni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mpendekeze msimamizi, muende Mahakama ya Mwanzo. Anaweza kuwa wewe, mbona. Akishateuliwa anajaza fomu namba 5 ya mali na namba 6 ya mgawanyo, na TRA wakiona barua ya usimamizi wanahamisha kadi. Bila hiyo karatasi gari ni la marehemu, na ukigonga mtu huko Kibiti kampuni ya bima itaanza kwa kuuliza wewe ni nani. Mama mdogo akienda polisi kesho na cheti cha ndoa, utasema nini? Tundu la paa limekatwa kwenye mali ya warithi wote.

Bint Rangi Tatu
Kadi ya gari ninayo mimi.

Konda Mstaafu
Ndiyo maana nilikuuliza mapema.

Mzee wa Kisemvule
Vikindu na Mbagala ni mkono kwa mkono. Pitia kwa mama mdogo jioni hii na sukari kilo mbili, Liwale haihami. Mimi mwenyewe mirathi ya baba yetu ilichukua muda mpaka lori likaota mti katikati ya chesisi. Mpera. Ulizaa.

Bint Rangi Tatu
Nikienda atasema gari lirudi barabarani kubeba abiria. Siti zimeshatoka.

Mama Ufuta wa Lindi
Siti zinarudishwa mwanangu. Nenda. Na ukija kwenye ufuta, kwangu uwanja upo.

Siti ya Dirishani
Narudia, siti ni rexini au kitambaa? Nina kipanya Gongo la Mboto.

Karani wa Zamani
Usiuze hata siti moja, nazo ni mirathi.

Siti ya Dirishani
Basi nakuja kuziangalia tu.