"Kama hayumo kwenye mtambo, basi hakufa": yule bwana wa dirisha la pili kanimaliza leo

Bint_Mtambwe
Asalaam alaykum. Naandika mkono unanitetemeka, nimetoka pale sasa hivi, hata daladala sijapanda. Ofisi siitaji na mtu simtaji, kwani mnamjua. Yule yule. Dirisha la pili, miwani inaning'inia kifuani, sauti ya kumwita mtu utadhani unamdai.

Nimevuka kutoka Pemba kwa jambo moja tu. Babu yangu mzaa baba alianguka mkarafuu msimu wa 1958, kwenye shamba la watu, akafa. Baba alikuwa na miaka sita, yuko chini anaokota zilizodondoka, babu yuko juu na pakacha lake na ngoe ya kuvutia matawi. Mkarafuu mnaujua, mrefu kama nyumba ya ghorofa, na tawi lake halina subira, linakatika kama biskuti. Baba anakumbuka mlio ule, na karafuu mbichi zilizomwagika mpaka kwenye miguu yake. Watoto wakaondoshwa. Mpaka leo hajui kama mzee wake alifia pale pale au alifikishwa hospitali akaishi siku mbili, na wakubwa waliojua wameshatangulia. Sasa baba mgonjwa. Ananiambia, mwanangu, nitafutie tu ile karatasi.

Tukasikia vitabu vya vifo na vya hospitali vya tangu wakati wa Muingereza vimepigwa picha vyote, vimeingizwa kwenye kompyuta, unataja jina unapata. Nikasema alhamdulillahi.

Saa mbili asubuhi niko kwenye benchi. Saa saba bado niko kwenye benchi, nimeota mizizi, aliyekuja na mtoto mchanga karibu amuozeshe pale pale. Zamu yangu ikafika. Akaandika jina kwa kidole kimoja, anadonoa kama kuku. Akasema hayumo. Nikamwambia, bwana, jaribu na Hamisi bila ya kha, makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Akanitazama, watu wote wanasikia, akasema:

"Bi mkubwa, kama hayumo kwenye mtambo, basi hakufa."

Basi hakufa! Na benchi zima likacheka.

Bibi yangu alikaa eda miezi minne na siku kumi. Baba amekua yatima, analala kwa ami zake kwa zamu. Yule bwana kwa maneno mawili kalifuta kaburi la watu.

Kuna kijana anayejitolea pale, Mungu ambariki, akanivuta pembeni akatafuta kwa mwaka badala ya jina. Akatoka! Hamisi, ukurasa upo, mwaka 1958, wino wa buluu. Nikalia. Tukasogeza picha upande wa kulia, kwenye safu ya sababu ya kifo. Mnajua kuna nini? Kidole gumba. Kidole gumba cha aliyepiga picha, kucha na mikunjo yake yote, kimelala juu ya mstari wa babu yangu. Naomba kitabu chenyewe, naambiwa kimefungwa stoo, hakitolewi tena kwa sababu "kipo kwenye kompyuta".

Nikarudi dirishani. Nikamwambia huyu hapa, alikufa. Akavaa miwani, akasema: "Huyo Hamisi. Wewe umeniuliza Khamis."

Wallahi sijawahi kutukanwa vile. Basi hakufa!

KijanaWaChumbuni
Dirisha la pili!!! Mimi aliniambia nimlete marehemu mwenyewe na kitambulisho. Nikadhani masihara. Hakuwa na masihara.

PwezaMkavu
Dada, uzi wako mrefu kuliko foleni yenyewe. Umesema Khamis, katafuta Khamis. Kosa lake liko wapi?

Bint_Mtambwe
Kosa lake ni "basi hakufa". Soma tena. Hayumo ningelikubali. Sijui ningelikubali. Yeye kasema HAKUFA.

PwezaMkavu
Habari njema hiyo, wewe unalia.

UmmuZuhura
Pweza, huna adabu, hilo ni la msiba. Pole sana mwanangu. Ukalijue la kwangu sasa: mtoto wangu Zuhura, kwenye cheti kaandikwa Zuhuru, jinsia mume. Miezi minane nakwenda na kurudi. Wameniambia nithibitishe kuwa ni mke. Si yuko hapo mbele yao na mtandio!

Mzee_wa_Malindi
Nyie wachumaji mnajiona peke yenu mlioumia. Baba yangu alikuwa hamali bandarini, na alikuwemo kwenye mgomo wa 1948 ulioanzia bandarini ukaukamata mji mzima. Magunia ya karafuu mgongoni kutwa, vumbi la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, puani, mtu akifika arubaini kifua kinapiga filimbi. Nani aliandika? Aliyeanguka mti angalau alikuwa na pahala pa kuandikwa, kaanguka siku moja. Aliyekufa kidogo kidogo kwa miaka ishirini anaandikwa "kifua", basi. Huyo hata kidole gumba hahitaji kumfunika.

Bint_Mtambwe
Mzee wangu, shikamoo. Mimi sikusema hamali hawakuumia. Ndiyo maana nataka zile kurasa zisomeke, za wenu na za wetu. Siku hizi mchumaji akianguka anasikika, sheria ya usalama na afya kazini tunayo tangu 2005. Wale wa 1958 walichobakiwa nacho ni mstari mmoja wa wino, na mstari wenyewe kaukalia mtu na kidole.

Msomaji_wa_Usiku
Kwa anayetaka kujua kazi hii inafanywaje: ripoti za maofisa wa afya wa London, za tangu 1848 mpaka 1972, zaidi ya 5,000, ziko mtandaoni bure. Unaandika neno, si jina peke yake. Andika kipindupindu, andika karakana, unaletewa ukurasa, tena na jaduweli zake. Picha iliyoharibika ni ya kupigwa upya, na kitabu si cha kuchomwa wala kufichwa. Kwetu pia kuna mengi ya kusoma, tauni iliyoingia mjini 1905, karantini ya kisiwa cha Changuu, kipindupindu cha 1869 na 1870 ambacho daktari James Christie alikiona kwa macho yake hapa hapa Unguja akakiandika. Watu wetu wamo mle. Bint, andika barua, omba ukurasa ule upigwe picha upya, taja namba ya picha.

KijanaWaChumbuni
Barua utampelekea nani? Dirisha la pili 😂

Makonyo
Hiyo karafuu mnayoigombania ni ya Pemba lakini. Unguja mikarafuu yenu ilianguka yenyewe na kimbunga cha 1872, haikungoja wachumaji.

PwezaMkavu
Ahaa tumefika. Mpemba hamalizi mazungumzo bila 1872.

Makonyo
Kwa sababu ni kweli. Upepo ulipita kwenu, kwetu ukaona haya.

Mzee_wa_Malindi
Na nani aliyezibeba hizo karafuu zenu zikapanda meli? Zilitembea?

UmmuZuhura
Jamani, kuna aliyewahi kurekebisha jinsia kwenye cheti? Wanataka barua ya sheha, mkuu wa shehia yetu.

KijanaWaChumbuni
Barua ya sheha, picha mbili, na mashahidi wawili waliokuwepo anazaliwa.

UmmuZuhura
Mkunga ameshafariki.

KijanaWaChumbuni
Yumo kwenye mtambo?

Bint_Mtambwe
Wewe nawe usinitonee kidonda. Nimefika Darajani, baba kanipigia mara mbili na sijapokea. Nitamwambia nini? Basi hakufa?

Makonyo
Mwambie umemuona. Jina lake, kwa wino wa buluu.

UmmuZuhura
Sheha wetu tangu Ijumaa hapatikani. Mwenye namba yake nyengine anitumie, kesho natakiwa nifike saa mbili.

PwezaMkavu
Dirisha la ngapi?

UmmuZuhura
La pili.