Mshambuliaji akikosa goli tu mnaleta klipu ya Higuaín, yule straika wa zamani wa Argentina. Nimechoka!

Wakuu, leo mnivumilie. Jana kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu straika mmoja kakosa goli la wazi, dogo nyuma yangu akapayuka, "Higuaín huyo!" Kibanda kizima kikacheka. Nikamgeukia: umewahi kumwona Higuaín akicheza mechi nzima? Hajawahi. Ana klipu ya sekunde kumi kwenye simu, basi.

Ile klipu naijua kuliko nyie. Maracanã, 13 Julai 2014, fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ujerumani, dakika ya 21. Toni Kroos wa Ujerumani anarudisha mpira nyuma kwa kichwa, unamkuta Higuaín, kabaki yeye na kipa wao Neuer, anabutua nje. Aibu, sikatai, hata mimi nilishika kichwa. Ila mbona mnaikata hapo hapo? Kipindi cha pili Messi naye alipata nafasi yake, akapiga ukapita pembeni mwa nguzo. Dakika 30 za nyongeza Palacio, straika mwenzake wa Argentina, kabaki na kipa, akaunyanyua, nje! Mbona hamumwiti mtu Palacio? Halafu kuna pale Neuer alipotoka golini akaruka na kumvaa Higuaín kwa goti, na refa Rizzoli akatoa faulo kwa UJERUMANI. Kagongwa yeye, kaadhibiwa yeye. Hiyo hamuisambazi.

Na robo fainali ya Kombe hilo hilo na Ubelgiji, 1-0, goli lilikuwa la nani? La babu yenu?

Copa América 2015 alipaisha penalti dhidi ya Chile, kweli kabisa. 2016, fainali, Chile hao hao, Messi naye akapaisha. Mmoja akabembelezwa na nchi nzima asiache timu ya taifa, mwenzake kageuzwa kikaragosi mpaka leo.

Tuje Napoli sasa, klabu yake wakati huo. Msimu wa 2015/16, Serie A, ligi kuu ya Italia, ligi ya mabeki wenye roho mbaya: mabao 36, mechi 35. Rekodi ya Nordahl, straika wa AC Milan, ya mabao 35 kwa msimu ilikuwa imekaa tangu 1950! Jamaa kaingia mechi ya mwisho na Frosinone ana mabao 33. Akatupia la kwanza, la pili, halafu la tatu katuliza mpira kifuani akiwa kalipa mgongo goli, akajirusha, tikitaka, kamba. Hiyo ndiyo klipu. Kiangazi hicho hicho Juventus wakatoa euro milioni 90. Hivi kuna mtu anatoa pesa hiyo kwa garasa? (Mtu wa Napoli akimtukana namwelewa, maana alihamia kwa mahasimu wao. Nyie wa huku kawakosea nini?)

Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa vichekesho. Na wewe dogo kama umo humu, Jumamosi nakuja na bando langu, tunaangalia Frosinone dakika zote 90. Soda juu yangu.