Mistari ileile kila faili: nikusanye au niache?

MwanaMwanga:
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nimekabidhiwa programu ya kurekodi mauzo ya dagaa wakavu, watumiaji wake ni wanunuzi wa Kibirizi. Imeandikwa kwa Python na aliyeiandika kashahamia Dar. Inafanya kazi, ila vipande vilevile vinajirudia kila faili. Kuna hiki:

`jumla = 0`
`for g in magunia:`
`    jumla += (g.uzito or 0) - 0.5`

Bosi anataka niongeze ripoti ya mwezi. Nianze kwa kuvifanya vyote kuwa funksheni (kipande chenye jina, kinachoandikwa mara moja na kuitwa popote), au niache nisije nikavuruga kinachokwenda? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Fundi Bachu:
Mkuu, usivitie vyote kapu moja. Kuanza na sifuri halafu lupu (hiyo `for` inayorudia kwa kila gunia) inajumlisha, hiyo ni kawaida tu. Aliyezoea Python anaipita bila kusimama. Ukiifungia kwenye funksheni yenye jina ulilobuni, msomaji atalazimika kwenda kuitafuta. Kinachonitisha ni hiyo 0.5. Ni nini?

MwanaMwanga:
Uzito wa gunia tupu. Na nimetafuta sasa hivi: faili ya risiti inapunguza 0.5, ya stoo inapunguza 0.4. 😳

Fundi Bachu:
Anzia hapo. Huo ni utaratibu wa biashara, ukae sehemu moja na uwe na jina, mfano UZITO_WA_GUNIA. Ila usijichagulie namba, kawaulize wenye mizani. Huenda stoo wanatumia gunia la aina nyingine na zote mbili ni sahihi.

Binti wa Tabora:
Mimi naona shida nyingine kwenye mstari huohuo. Gunia ambalo halijapimwa lina None (yaani hakuna thamani), `or 0` inaligeuza kuwa sifuri, kisha unatoa 0.5. Yaani kila gunia lisilopimwa linapunguza nusu kilo kwenye jumla ya mwenye mali! Na programu haitalalamika. Andika `if g.uzito is None`, yatenge hayo kwenye orodha yake, karani ayaone. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, aliyeleta null (ndugu yake None kwenye lugha nyingine) mwaka 1965, mwenyewe alikuja kuiita mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni. Sishangai.

Mzee wa Tamino:
Vijana, kujirudia peke yake si ugonjwa. Mwaka 2005 watafiti Gil na Maman waliorodhesha ruwaza ndogo 27 (mitindo inayojirudia) za lugha ya Java ambazo kompyuta yenyewe inaweza kuzitambua, na kama robo tatu ya klasi (vipande vinavyounda programu ya Java) walizochunguza ziliangukia kwenye angalau mojawapo. Ndivyo watu wanavyoandika. Mimi kipande kikijirudia mara ya tatu ndiyo nakigusa.

Fundi Bachu:
Mzee wangu, kwa lupu sawa. Kwa kitu kinachogusa hela ya mtu nakataa, hata mara mbili ni nyingi. Si umeona 0.5 na 0.4?

Mzee wa Tamino:
Hapo umenishika, nakubali.

MwanaMwanga:
Shukrani wakuu, lupu naziacha. Na `round(bei * uzito)`, inayofanya malipo yawe namba nzima, je? Iko kwenye kila faili ya malipo.

Binti wa Tabora:
Hiyo ikusanye. Kwenye Python 3, `round(2.5)` inakupa 2 na `round(3.5)` inakupa 4, kwa sababu nusu inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Mnunuzi mwenye kalkuleta yake atakuja juu. Tumia Decimal (aina ya namba inayotunza desimali kamili) na ROUND_HALF_UP (nusu inapanda juu) ndani ya funksheni moja, na bei na uzito viingie kama Decimal tangu mwanzo. Lakini kabla hujagusa chochote, chukua risiti za zamani, hifadhi majibu inayotoa programu leo, halafu linganisha baada ya kila badiliko. Ikitofautiana, ujue ni mstari gani na kwa nini.

MwanaMwanga:
Risiti ziko kwenye boksi ofisini, zipo nyingi tu. Kesho asubuhi napitia Kibirizi kwanza niulize habari ya magunia, kisha nitaleta mrejesho.