Tupeane uzoefu: uliyewahi kulala na jiko la mkaa, kichwa kilikaaje baadaye?

Wadau, baridi ya Juni na Julai mnaijua. Yangu ilikuwa Makete. Tulifika msibani usiku, wenyeji wakatuonea huruma wakatuingizia jiko chumbani. Mkaa umekolea, mwekundu, moshi hakuna, nikaona salama. Tukafunga dirisha, uwazi wa chini ya mlango tukauziba kwa kanga. Saa nane usiku mke wangu anatapika, mimi kichwa kinagonga, nikajaribu kusimama miguu ikakataa. Tukasingizia maharage! Aliyetuokoa ni mtoto wa shemeji, alifungua mlango kufuata blanketi lake. Tangu hapo, nikisikia nyumba nzima inaumwa kichwa kwa wakati mmoja, nasema tokeni nje kwanza, mabishano baadaye. Nani mwingine?

Muuguzi, Iringa
Mkuu, huo mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaomaliza watu. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inashikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, ubongo unakufa njaa. Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kisiwatulize, kinaweza kusoma asilimia 98 na mtu yuko hoi. Mgonjwa anahitaji oksijeni ya barakoa, haraka. Kwa hewa ya kawaida sumu huchukua kama saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au chini ya hapo. Na jamani semeni "tulilala na jiko". Mkinyamaza tutapima malaria.

Wa Limuru
Yetu ilikuja kwa awamu mbili. Baba mdogo alipatikana amezimia kwa chumba cha kulinda shamba, jiko pembeni. Akapelekwa hospitali, akaamka, siku ya pili anacheka na watu, akaruhusiwa. Hatukuambiwa tumwangalie. Wiki ya tatu akaanza kutia chumvi kwa chai. Halafu hatua zikawa fupi fupi, kama anayeburuta ndara. Anakuuliza jambo, unajibu, anauliza tena. Mtu aliyekuwa anajua madeni ya kijiji kizima kichwani! Wengine wakasema amerogwa, pesa zikaenda huko. Daktari wa pili ndiye alisema ubongo unaweza kuharibika kwa kuchelewa, siku au wiki kadhaa baada ya mtu kuonekana mzima. Kutembea kumerudi kiasi. Madeni hayakumbuki, na wadeni wanajua.

Mleta mada
Pole sana dada. Hii ya wiki ya tatu sikuijua. Sisi tulikunywa maziwa tukaendelea na msiba.

Muuguzi, Iringa
Maziwa yanaenda tumboni, sumu iko kwenye damu. Hata lile beseni la maji watu wanaloweka chumbani halinyonyi kitu. Na mjamzito aliyelala na jiko asisubiri kuumwa, mtoto tumboni huumia zaidi ya mama.

Mbeba maboksi, Kanada
Huku kuna king'ora cha hiyo hewa. Chetu kililia usiku wa theluji, mama mkwe, mgeni toka Moshi, akapanda kiti akatoa betri "watoto walale". Bahati mke wangu alikuwa macho. Tukatoka na blanketi, tukapiga simu, wazima moto wakapima: bomba la kutolea moshi la tanuru ya gesi inayopasha nyumba joto lilikuwa limezibwa na theluji. Mama hadi leo anadai alikuwa anafukuza mbu.

Fundi simu, Mbeya
Mimi ni jenereta ndani ya duka, mlango nusu kwa kuogopa vibaka. Niliamkia sakafuni. Swali kwa muuguzi: mtungi wa gesi nao una hayo mambo?

Muuguzi, Iringa
Moto ukiwa wa bluu na chumba kinapitisha hewa, hatari ni ndogo. Ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, gesi haiungui vizuri. Ita fundi.

Fundi simu, Mbeya
Wangu ni wa njano tangu Pasaka.