Waziri wa Mashauri ya Kigeni tumpime Addis Ababa au kwenye dirisha la ubalozi Riyadh?

Mleta mada

Wadau, naomba tuligombanie hili kwa adabu.

Februari 15, 2025, Wakenya walishinda kwenye simu na runinga wakihesabu kura za Addis Ababa. Katika raundi ya kwanza ya kumchagua mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, marehemu Raila Odinga alipata kura 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti 18, yule wa Madagaska 10. Raundi ya saba Youssouf akafikisha 33 na mambo yakaisha. Kisha tukaanza kutafuta mchawi: nchi zinazozungumza Kifaransa, nchi za Kiarabu, SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Hata vinyozi walikuwa mabalozi wiki ile.

Mwezi uliofuata gazeti la New York Times likachapisha uchunguzi wake kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika miaka mitano. Hapo hakuna kinyozi aliyesimamisha mashine.

Musalia Mudavadi anashika wizara hii tangu Oktoba 2023, na jina lake rasmi ni Mashauri ya Kigeni *na Masuala ya Diaspora*. Idara ya diaspora iliundwa 2022, ina katibu wake. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, zaidi ya tunachopata kwa chai au kwa watalii. Msimamo wangu ni huu: waziri huyu tumpime kwa dirisha. Hati ya dharura ya kusafiria inachukua muda gani kutoka? Simu ya ubalozi inapokewa usiku? Maiti inakaa muda gani mochari ya ugenini? Mikutano na picha za bendera zije baadaye. Anayepinga aje na hoja.

Mzee wa Kericho

Mwanangu, hoja yako naiheshimu, ila unamwona waziri kama karani mkuu wa fomu.

Mimi ni mkulima wa chai. Februari hiyo hiyo uliyoitaja, watu wa RSF, wale wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, walikusanyika ukumbi wa KICC Nairobi, na kabla ya mwezi kuisha wakatia saini, humo humo Nairobi, mkataba wa kuunda serikali yao. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani. Machi ikapiga marufuku bidhaa zote za kutoka Kenya, na chai ndiyo ya kwanza kuumia, maana Sudan ni mnunuzi wetu wa miaka mingi. Sasa niambie, dirisha gani la ubalozi lingeokoa kilo moja ya majani yangu? Jambo lile lilivurugwa juu, na juu ndiko linakotengenezwa.

Na si mara ya kwanza. Septemba 2022, siku moja baada ya Rais kuapishwa, ujumbe ulitoka Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahrawi, ile jamhuri ya Sahara Magharibi inayodaiwa na Moroko. Ukafutwa. Wizara ikaandika waraka wa kuwaambia watu kuwa msimamo wa nchi hautangazwi Twitter. Nchi inayoyumba namna hiyo haiwezi kumtetea yaya wake Riyadh, kwa sababu atakayeketi na Wasaudi hatasikilizwa. Heshima ya nchi kwanza, dirisha litafuata.

Dada wa Dammam

Assalaam aleykum. Wazee wangu, mnazungumza juu yetu, basi na mimi niseme.

Niko huku Dammam, Mashariki mwa Saudia, nafanya kazi za nyumbani, na familia niliyo nayo sasa ni watu wema, alhamdulillah. Waliotangulia siwataji, wala ajenti aliyenileta simtaji.

Mambo yanakwenda hivi. Ukifika, pasipoti inachukuliwa. Ukikosana na madam, unarudishwa maktab, yaani ofisi ya ajenti wa huku, unakaa na wenzako chumba kimoja mpaka mupate "kuuzwa" nyumba nyingine. Ndivyo tusemavyo wenyewe, na tunasema tukicheka. Ukitoroka, kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, anakuripoti hurub, kwamba umetoroka. Kuanzia hapo iqama yako, kibali cha kuishi huku, imekufa: hospitali shida, kutuma pesa shida, na askari akikukuta ni tarhil, kizuizi cha kungojea kurudishwa kwenu. Ubalozi nao uko Riyadh, kama kilomita 400 kutoka hapa. Mtu asiye na karatasi anafikaje?

Kwa hiyo maofisa wa ubalozi wanapofunga safari na mashine zao kuja Dammam au kwenda Jeddah, kwetu ni kama sikukuu. Na yako mambo makubwa kuliko pasipoti. Mtoto akizaliwa huku na wazazi hawana cheti cha ndoa, hapati cheti cha kuzaliwa. Hana cheti, hana hati ya kusafiria. Mama naye hawezi kupanda ndege akamwacha. Mwaka 2023 serikali ilileta watu kuchukua vipimo vya DNA vya akina mama na watoto wao ili itambulike kuwa ni Wakenya. Kule kuwapata Wasaudi wakubali zoezi lile ni diplomasia, mzee wangu wa Kericho, na hakuna aliyepiga picha na bendera.

Wakili wa mtaani

Dada amesema kweli, na hapo ndipo mleta mada anapokosea mlango.

Pasipoti ya Kenya haitolewi na Mashauri ya Kigeni. Inatolewa na Uhamiaji, ambayo iko chini ya Usalama wa Ndani. Ubalozi unapokea maombi na kukabidhi kitabu kikifika. Maajenti wa ajira wanasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, chini ya Wizara ya Leba. Mafunzo ya kabla ya safari yanasimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Leba tena. Mkataba wa kazi wa huyo dada ulipitia mikono yote hiyo kabla jina lake halijafika Riyadh. Mashauri ya Kigeni wanaitwa wakati nyumba inaungua.

Kisha kuna sheria. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa ofisa wa ubalozi haki ya kumtembelea raia wake aliye kizuizini, kuzungumza naye, kumtafutia wakili. Haumpi haki ya kugonga mlango wa mtu Riyadh na kumtoa mfanyakazi jikoni. Yaya aliyefungiwa ndani hayuko kizuizini kwa mujibu wa karatasi, na hapo ndipo ofisa wetu anapokwama hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Wengi mmesahau 2021. Katibu wa wizara wakati huo, Macharia Kamau, aliieleza kamati ya Bunge kuwa Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudia katika muda wa miaka kama miwili, na kwamba maelezo waliyopewa yalikuwa yale yale, moyo ulisimama. Vijana wa miaka ishirini na kitu, moyo! Wizara yake ilipendekeza upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani usimamishwe kwanza. Mwenye funguo za mlango huo alikuwa Leba, na mlango haukufungwa. Sasa unampimaje mtu kwa mlango asioushika?

Mwana wa Kisauni

Wakili, kwa mawaziri waliopita ningekubaliana nawe neno kwa neno. Kwa huyu wa sasa, la.

Mudavadi hakupewa Mashauri ya Kigeni peke yake. Yeye ni Mkuu wa Mawaziri, na kazi ya ofisi hiyo kwa agizo la Rais ni kuratibu wizara. Leba, Uhamiaji na Mashauri ya Kigeni, hizo tatu unazosema zinamtupa yule dada huku na huku, mratibu wake ni mtu yule yule anayelaumiwa. Kamau alikuwa katibu anayeandika barua. Huyu anaweza kuwaita wote watatu meza moja, Jumatatu asubuhi, na wasikatae. Akisema "hilo ni la Leba", mimi namuuliza: na Leba inaratibiwa na nani? Kofia mbili haziwezi kuwa fahari siku ya gwaride na kisingizio siku ya msiba.

Halafu tuongee wazi. Gazeti lile lile lililoandika vifo 274 lilieleza pia kuwa miongoni mwa wanaonufaika na kampuni za kupeleka wafanyakazi wamo wanasiasa na watu wao wa karibu. Huku Pwani hilo lilisemwa vibarazani kabla gazeti halijazaliwa. Tutafungaje mlango ikiwa wanaoulinda wanakusanya kiingilio?

Jambo jingine linaloniudhi ni matangazo. Septemba 2024 Mudavadi alitia saini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira na Waziri wa Ndani wa Ujerumani, Rais Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwepo. Makubaliano mazuri, sina neno. Lakini ikazagaa hesabu ya Wakenya 250,000 watakaochukuliwa, mpaka Wajerumani wenyewe wakakanusha, karatasi haina idadi yoyote. Huku mtaani vijana walishaanza kuuliza viza ya Ujerumani inauzwa ngapi. Uvumi kama huo ndio shamba la matapeli, na ndio hao hao wanaowapeleka watoto wetu Thailand kwa "kazi ya kompyuta", wakazinduka Myanmar ndani ya kambi za ulaghai wa mtandaoni, ubalozi wa Bangkok ukahangaika kuwatoa. Au Urusi: Novemba 2025 Mudavadi mwenyewe alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingizwa kwenye vita vya Ukraine upande wa Moscow. Wengi waliahidiwa kazi za kawaida.

Mzee wa Kericho

Kijana wa Kisauni, hiyo ya kofia mbili umenibana, sikatai. Lakini angalia ilivyo upande wa pili: kofia mbili ni saa zile zile ishirini na nne. Siku moja yuko New York, siku nyingine anazindua kitu huko mashinani, jioni kuna siasa za 2027. Labda tulikosea kumpa mtu mmoja kazi hizo zote.

Tena hesabu ya pesa hamuigusi. Vita vilipopamba moto Lebanon mwaka 2024, tuliambiwa huko kuna Wakenya zaidi ya 26,000, na Beirut hatuna ubalozi. Wanahudumiwa kutoka Kuwait, nchi nyingine kabisa. Mnataka madirisha, basi semeni ubalozi upi tufunge ili tufungue Beirut.

Mleta mada

Mzee, nalijibu hilo bila kigugumizi. Beirut imelia tangu 2020, akina dada walipolala nje ya ofisi ya konseli wa heshima baada ya mlipuko wa bandari wakitaka kurudishwa nyumbani. Miaka minne baadaye vita vikaja, na bado tulikuwa pale pale. Sitaki ubalozi wenye bustani. Nataka maofisa wachache, nyumba ya hifadhi yenye vitanda, na mtu anayejua Kiarabu cha polisi. Hilo haliwezi kugharimu sawa na kampeni moja ya kuzunguka bara zima kutafuta kiti.

Na kwa wakili: naipokea ramani yako ya wizara, naongeza tu kuwa wapiga kura hawaijui wala hawapaswi kuijua. Maiti inapokuja uwanja wa ndege wa JKIA, mama hapokei barua yenye nembo tatu.

Mtanzania jirani

Naingilia kidogo, maana hata kwetu mjadala ni huo huo, waziri wa Mambo ya Nje na "diplomasia ya uchumi" kila hotuba. Nyinyi angalau uraia pacha mnao tangu Katiba ya 2010. Sisi tumeishia kwenye hadhi maalumu kwa walio nje. Ila nimeona kitu hapa: kila mtu anasema Riyadh, Riyadh, wakati zaidi ya nusu ya hizo dola bilioni 4.9 zinatoka Marekani. Waziri mjanja atamsikiliza nani, nesi wa Texas anayenunua ploti Ruiru, au yaya wa Dammam? Diaspora si mtu mmoja, na mwenye sauti ndiye atakayehudumiwa.

Dada wa Dammam

Kaka umenena. Uchaguzi wa 2022 Wakenya walio nje walipigia kura katika nchi 12: Marekani, Uingereza, Kanada, Ujerumani, hata Qatar na Imarati hapo karibu. Saudia haikuwemo. Wote walioandikishwa nje walikuwa kama 10,000 tu, na sisi huku, kwa hesabu ya serikali yenyewe, tumepita laki mbili.

Wakili, nina swali kwako, si la ubishi. Bunge lina Kamati ya Masuala ya Diaspora na Wafanyakazi Wahamiaji. Inaweza kumlazimisha Mkuu wa Mawaziri alete kila miezi mitatu orodha ya kampuni iliyompeleka kila aliyefariki? Majina ya marehemu yaachwe, jina la kampuni tu.

Wakili wa mtaani

Inaweza. Kifungu cha 125 cha Katiba kinaipa kamati ya Bunge uwezo wa kuita mtu na nyaraka kama Mahakama Kuu. Ugumu ni kwamba orodha hiyo haiko mahali pamoja: cheti cha kifo kiko ubalozini, jina la ajenti liko Leba. Itabidi mtu aziunganishe, na tumeshakubaliana hapo juu ni nani. Nitaandika rasimu ya ombi kwa kamati. Mwenye uzoefu wa kuwasilisha maombi Bungeni ajitokeze, na dada, niambie kama maktab huko kwenu wanaandika jina la ajenti wa Kenya kwenye mkataba au wanaliacha wazi.