Kreni ya kijiboti na ngazi ya kupandia yoti: kipi kinafaa kwa boti inayolala nanga Tanga?

Mwana_Sahare

Wakuu, salaam. Bosi wangu ananunua yoti ya injini ya mita 24, kwa sasa iko Italia. Ikifika itakuwa inalala nanga hapa Tanga upande wa Ras Kazone, na safari zake zitakuwa za Pangani na Pemba. Kabla haijaondoka huko tunayo nafasi ya kufunga vifaa vipya, na mimi nahodha nimetakiwa nipeleke mapendekezo.

Kunyanyulia kijiboti (ile boti ndogo ya kupeleka watu pwani) nimepewa njia tatu: kreni ya haidroliki, yaani ya kusukumwa na mafuta, inayozunguka, inakaa sitaha ya juu; deviti, yaani mikono miwili ya kuning'inizia, tezini (nyuma ya boti); au jukwaa la nyuma linalozama majini na kijiboti kinaelea juu yake. Kupandia watu, muuzaji anaisifia sana pasarela, lile daraja la tezini linalojitokeza lenyewe ukibonyeza rimoti. Mbadala wake ni ngazi ya ubavuni.

Uzito wa kijiboti nimeujumlisha: bodi kilo 210, mashine ya nguvu farasi 40 kilo 98, petroli lita 50 kama kilo 37, betri 20, nanga na kamba na maboya 25. Jumla 390. Naomba maoni ya waliowahi kuvishika vifaa hivi.

Serahangi_Mstaafu

Nahodha, pasarela achana nayo, na sababu nitakupa.

Kifaa kile kimezaliwa Mediterania. Kule yoti inarudi kinyumenyume, inafunga tezi gatini, na maji ya bahari ile sehemu nyingi hayapandi wala hayashuki hata nusu mita. Daraja linalala karibu sawa na ardhi kutwa nzima. Sisi hapa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, yanapishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Chukua pasarela ya mita 4, funga gatini maji yamejaa, mgeni aje kushuka maji yamekupwa: boti imekwenda chini mita 3, na daraja limesimama nyuzi karibu 49. Waraka wa IMO (shirika la kimataifa la mambo ya bahari) wa 2009 kuhusu vifaa vya kupandia melini unataka daraja la aina hiyo lisizidi nyuzi 30, na ngazi ya ubavuni isizidi 55, isipokuwa kama kifaa kimetengenezwa mahususi kwa mwinamo zaidi. Hapo tena tunazungumzia gati. Yoti yako italala nanga, kwa hiyo pasarela itatokeza juu ya maji matupu.

Fedha hiyo iweke kwenye ngazi nzuri ya ubavuni yenye jukwaa dogo la chini.

Kaole_Boti

Namuunga mkono serahangi. Mimi niko Bagamoyo, na huku ni zaidi: maji yakikupwa mchanga unatokeza mbali sana na yoti inabidi itie nanga nje kabisa. Abiria anavua viatu, anaingia kwenye kijiboti maji yakiwa magotini, halafu ndipo anakwenda kupanda chombo kikubwa. Kwa hiyo kijiboti ndiyo gati yako. Kifaa cha kukishusha kikigoma, wageni wote wamefungwa majini.

Ila kwenye kunyanyua mimi ni mtu wa jukwaa la nyuma. Unalizamisha, unaingiza kijiboti, unainua. Hakuna mzigo unaoning'inia juu ya vichwa vya watu. Jioni ukilishusha usawa wa maji, watoto wanaogelea na wazee wanapandia hapohapo. Kifaa kimoja, kazi mbili.

Fundi_Pampu

Kaole umesema kweli, lakini kwenye maji matulivu. Mwana Sahare anataka kwenda Pemba. Yoti ikiwa nanga na kusi inavuma, tezi inapanda na kushuka, na jukwaa lililozama nusu linapigwa na bahari kwa chini. Bawaba na silinda zake ndizo zinazokula kipigo hicho, na zote zinaishi kwenye maji ya chumvi. Nimefungua silinda za namna hiyo ambazo zilikuwa zimeliwa na vishimo vya kutu huku kwa nje zinang'aa. Sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, ikipita juu ya vishimo inachanika, na mafuta yanakwenda baharini.

Deviti za tezini ni rahisi na hazina mambo mengi. Kwa kijiboti cha kilo 150 ningesema chukua hizo, umalize. Kwa 390 kikining'inia tezini njia nzima hadi Pemba, hapana. Wimbi la nyuma likikijaza maji, uzito huo unaongezeka mara kadhaa kabla hujafika kukifungua.

Mimi ningechukua kreni ya kuzunguka, ila uulize maswali haya.

Kwanza, ile namba kubwa ya kwenye katalogi usiinunue. Kreni ya kilo 500 huenda inabeba 500 mkono ukiwa umekunjwa tu. Omba jedwali la uzito kwa kila urefu wa mkono, usome pale ambapo kijiboti kinavuka ubavu. Kilo 390 kwa mita 4 ni mzigo wa kugeuza wa kilo-mita 1,560 kwenye mguu wa kreni, na sitaha lazima iwe imeimarishwa chini kwa hesabu, siyo kwa kukisia. Tena 390 yako ni kavu. Maji ya mvua yakikaa ndani, lita 50 ni kilo 50.

Pili, wimbi. Kijiboti kikiwa bado kinagusa maji na kamba ikalegea, wimbi likishuka kamba inakazwa kwa kishindo, na kishindo hicho kinazidi uzito wa kijiboti chenyewe. Ndiyo maana nataka nafasi kati ya 390 na uwezo wa kreni. Usishuke chini ya 500 kwa mkono ulionyooka.

Tatu, cheti. Kwa vifaa vya kunyanyulia utaratibu uliozoeleka ni jaribio la uzito unaozidi robo, yaani kreni ya 500 inabeba 625, na kurudia kila miaka 5. Ukaguzi wa mtu mwenye ujuzi ni kila miezi 12. Watengenezaji Besenzoni na Opacmare ni Waitalia, kwa hiyo wako jirani na boti ilipo. Steelhead ya Kanada na Nautical Structures ya Marekani nao wanatengeneza kreni za yoti. Ye yote utakayemchukua, akupe karatasi hizo pamoja na kreni.

Binti_Pangani

Kaka zangu mmezungumzia mzigo, mimi naomba nizungumzie watu, maana kazi yangu ni kupandisha wageni.

Ngazi ya ubavuni ni nzuri, lakini hapa Tanga chombo hakielekei upepo muda wote. Maji yakianza kutoka yanakigeuza, kinalala kwa mkondo, na wimbi linaingia ubavuni. Hapo jukwaa la chini la ngazi linapanda na kushuka na linaweza kukibana kijiboti kwa chini. Kwa hiyo ngazi iweze kufungwa pande zote mbili, kulia na kushoto, ili utumie upande wenye utulivu. Jukwaa la chini liwe na nguzo mbili za kushika zinazopita urefu wa kiuno. Mtu mzima anatafuta cha kushika kabla hajainua mguu.

Na baharia asimvute mgeni mkono. Amshike kwa kiwiko na mgongo, wasubiri kijiboti kifike juu ya wimbi, ndipo mgeni avuke. Akivuka kinaposhuka, ndipo miguu inapovunjika. Naomba sana, nahodha, wafundishe vijana wako hili kabla hata ngazi haijafika.

Mwana_Sahare

Dada, ahsante, hilo la pande mbili sikulifikiria. Fundi, je, waya au kamba ya Dyneema (ile ya nyuzi imara za plastiki) kwenye winchi ya kukunjia? Na watu wanaweza kukaa ndani ya kijiboti kikinyanyuliwa?

Fundi_Pampu

Watu ndani, hapana, isipokuwa kreni iwe imethibitishwa kwa kubeba binadamu, na nyingi za yoti hazijathibitishwa hivyo.

Dyneema ni nyepesi, inaelea, na haichomi mikono kama waya uliokatika nyuzi. Adui zake ni jua na kona kali, kwa hiyo ifunikwe na kapi ziwe laini. Waya unavumilia msuguano, lakini unaoza kwa ndani pale kwenye kibano cha mwisho, ambapo huoni. Kwa jua la hapa na kwa uangalizi wa kila siku, mimi nachagua Dyneema na nabadilisha kabla haijachoka.

Serahangi_Mstaafu

Nyongeza moja. Umeme ukikatika kijiboti kiko hewani, unafanyaje? Dai pampu ya mkono, na uambiwe iko wapi. Nimeona imefungwa nyuma ya kabati la jikoni.

Mwana_Sahare

Basi naandika hivi: kreni ya kuzunguka, 500 kwa mkono ulionyooka, Dyneema, pampu ya mkono pembeni ya kreni yenyewe, na sili za akiba za silinda zote zije na boti. Ngazi ya ubavuni ya pande mbili. Pasarela naifuta. Kaole, kwa jukwaa la nyuma nitabaki na lile dogo lisilozama, kwa ajili ya kuogelea.

Kaole_Boti

Sawa mkuu. Hilo dogo liwekee ngazi ya kukunja inayozama vipingo vitatu angalau. Aliyechoka kuogelea hawezi kujivuta kwa mikono mitupu.