Naomba ushauri: funguo za kukazia nyuzi kwa gitaa la kutengeneza kwa mkono

Wakuu habari za mchana, mimi ni fundi seremala niko Dar, Keko, sasa nimejiingiza kwenye kutengeneza magitaa ya akustiki, hili ni la tatu, shingo mninga na ubao wa vidole mpingo (mpingo unakula patasi jamani acheni tu). Tatizo langu ni funguo za kichwani, zile za kukazia nyuzi. Mawili ya kwanza nilifunga seti ya bei chee, miezi michache tu zikaanza kucheza, unazungusha kidogo uzi hautikisiki, ukiongeza unaruka na kupitiliza noti, na chumvi ya hewa ya huku ikazila kutu. Mteja karudisha gitaa, aibu tupu.

Sasa nimejichanga nachukua za maana. Nimeona Grover Rotomatic zile za 14:1 na Gotoh 510 za 18:1, yaani unazungusha kitufe mara 18 ndo mhimili unamaliza raundi moja, kwa hiyo kutyuni kunakuwa kwa utaratibu zaidi. Ila hizi za kufunikwa, zenye gia ndani ya kasha, naona ni nzito, naogopa kichwa kisije kikavuta shingo chini mtu akivaa mkanda. Za wazi nyepesi, lakini vumbi na unyevu wa Dar si ndo zitakwisha?

Mliozitumia muda mrefu, mngechukua zipi? Na fundi gani anatoboa tundu la milimita 10 bila kupasua mninga, biti zangu zinachana pembeni. Halafu nitajuaje feki, maana boksi siku hizi wanaigiza mpaka stika.